Aliyerudi Uwanjani Peke Yake

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Jioni ya leo nataka tuzungumze habari ya kijana mmoja mchezaji wa mpira wa kikapu, na habari ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Jambo lenyewe lilitokea mbali na kwetu, katika mji wa Oxford, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, tarehe 10 Februari 1968. Lakini nadhani tukifika mwisho wa mazungumzo haya kila mmoja wetu ataona kuwa mlango ule anaujua.

Siku hiyo timu ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, kutoka mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, ilikuwa mgeni wa Chuo Kikuu cha Mississippi. Ndani ya timu ya wageni alikuwamo kijana mmoja tu Mweusi, jina lake Perry Wallace. Zilikuwa zimebaki siku 9 atimize umri wa miaka 20. Muda mfupi kabla ya mapumziko, katika kugombea mpira, alipigwa kwenye jicho. Damu ikatoka, jicho likavimba. Mwamuzi hakupuliza filimbi. Watazamaji wakashangilia.

Wakati wa mapumziko Wallace alibaki ndani akiwekewa barafu. Wenzake wakanyanyuka, wakatoka, wakarudi uwanjani kupasha misuli. Alipokwisha kutibiwa alisogea mlangoni akachungulia nje. Alitazamia kumkuta walau mchezaji mwenzake mmoja, au kocha, akimngoja ili watoke pamoja. Hakumkuta mtu. Mbele yake palikuwa na ukumbi uliojaa watu wanaomngoja yeye, na wanamngoja wamzomee. Akajikaza akatoka peke yake. Kelele zikampokea, matusi na dhihaka juu ya jicho lake. Akaingia uwanjani, akacheza kipindi cha pili chote kwa ushujaa, na Vanderbilt ikashinda.

Ndugu msikilizaji, miaka mingi baada ya siku ile, akiwa mtu mzima na profesa wa sheria, Wallace alikuwa bado akiisimulia safari ile fupi ya kutoka mlangoni hadi kwa wenzake. Maumivu ya jicho yalipona, lakini kutokumwona mtu mlangoni kulibaki moyoni. Hebu tujiulize, kwa nini?

Ili tulijibu swali hilo, inatupasa turudi nyuma kidogo.

Perry Wallace alizaliwa Nashville mwaka 1948, kitinda mimba wa watoto sita. Baba yake alikuwa akifanya kazi za matofali na mama yake alikuwa akisafisha maofisi. Nashville ya siku zile ilikuwa na shule za Weusi na shule za Wazungu, mikahawa ya Wazungu ambayo Mweusi haruhusiwi kukaa, na mambo mengine ya namna hiyo. Mwaka 1960, Wallace akiwa na miaka 12, wanafunzi Weusi wa mji huo walianza kuingia katika mikahawa ya katikati ya mji na kukaa kimya kwenye viti, wakidai kuhudumiwa kama watu wengine. Walipigwa, wakakamatwa, lakini hawakurudisha ngumi. Mmoja wa waliowafundisha uvumilivu huo alikuwa James Lawson, mwanafunzi Mweusi wa teolojia katika Chuo Kikuu hicho hicho cha Vanderbilt. Kwa ajili hiyo chuo kikamfukuza. Miaka 4 baadaye, mwaka 1964, Vanderbilt ikaanza kupokea wanafunzi Weusi wa shahada ya kwanza.

Wallace alisoma sekondari ya Weusi iitwayo Pearl. Darasani aliongoza, na uwanjani aliruka kama aliyefungwa mbawa. Katika msimu wa 1965 na 1966 timu ya Pearl ilicheza michezo 31 ikashinda yote 31, ikatwaa ubingwa wa jimbo. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza kwa shule za Weusi na za Wazungu kushindana pamoja. Fainali ilichezwa usiku wa tarehe 19 Machi 1966, katika ukumbi wa Vanderbilt. Na usiku huo huo, katika jimbo la Maryland, chuo cha Texas Western kilianza mchezo na Weusi watano kikaifunga Kentucky, timu ya Wazungu watupu, katika fainali ya vyuo vya Marekani nzima.

Kwa hiyo vyuo vingi vilimtaka kijana huyu. Yeye akachagua Vanderbilt, hapo hapo nyumbani, kwa sababu alitaka kusomea uhandisi na chuo hicho kilisifika. Sababu nyingine ni ndogo, lakini sisi wenye shikamoo tutaielewa upesi. Katika kusini ya siku zile Mzungu alimwita Mweusi mtu mzima kwa jina lake la kwanza, kama anavyoitwa mtoto. Kocha wa Vanderbilt, Roy Skinner, alipofika nyumbani kwa kina Wallace, aliwaita wazazi wake Bwana Wallace na Bibi Wallace. Kijana akasikia, akaweka moyoni.

Wakati huo ligi ya vyuo vikuu vya kusini-mashariki ilikuwa na vyuo 10 katika majimbo 7. Katika vyuo vyote hivyo hapakuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja aliyewahi kucheza mpira wa kikapu katika timu ya wakubwa. Wallace ndiye angekuwa wa kwanza. Na Mississippi alikokuwa akienda kucheza ndiko ambako mwaka 1962 watu wawili walikufa katika ghasia, kwa sababu tu Mweusi mmoja, James Meredith, alikwenda kuandikishwa chuoni.

Hata hivyo, mwanzoni Wallace hakuwa peke yake. Alikuja pamoja naye Mweusi mwingine, Godfrey Dillard, kutoka Detroit. Kwa sheria za wakati ule wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza timu ya wakubwa, walikuwa na timu yao. Timu hiyo ilipopangiwa kucheza na ya Chuo Kikuu cha Mississippi, wenyeji waliuvunja mchezo. Waliposafiri kwenda Starkville, huko huko Mississippi, kucheza na chuo kingine, walikutana na matusi na vitisho kiasi kwamba wakati wa mapumziko vijana hao wawili walikaa wakashikana mikono. Mikono ilikuwa baridi kwa hofu. Hawakusema mengi. Kipindi cha pili kilipofika wakasimama wakarudi uwanjani.

Naomba tuiweke picha hiyo karibu na ile ya mwanzo. Starkville mwaka 1967, hofu ni kubwa, lakini upo mkono wa kushika. Oxford mwaka 1968, hofu ni ile ile, na mkono haupo. Katikati ya siku hizo mbili Dillard aliumia goti. Hakupata kucheza timu ya wakubwa ya Vanderbilt, na baadaye akahama chuo. Wallace akabaki mmoja.

Na hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema leo. Mara nyingi tunapozungumza habari za ubaguzi tunawatazama wanaotukana. Tunawahesabu waliozomea, tunamlaani aliyepiga ngumi, na ni haki yao kulaaniwa. Lakini adui anayekuzomea hakuvai jezi yako. Hukumtegemea. Mtu aliye peke yake huvunjwa moyo na kimya cha wale wanaovaa jezi moja naye. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Perry Wallace alikuwa na wachezaji wenzake, na walikuwa wakimpasia mpira, lakini ile saa ya dhiki ilipofika hakumpata rafiki.

Tusiwaonee vijana wale. Hawakumtukana. Walikuwa na miaka 19, 20, 21, wamekulia katika shule za rangi moja na mitaa ya rangi moja. Yaelekea wengine walidhani kulizungumza jambo lile ni kumwongezea aibu. Wengine walidhani ni kazi ya kocha, na kocha naye, aliyejua kumwita mama wa watu Bibi, hakusimama mlangoni. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kunyamaza, na huenda hakuna sababu hata moja iliyokuwa mbaya. Lakini jumlisha sababu zote hizo, jibu lake ni kijana mwenye damu usoni amesimama mlangoni bila mtu.

Nje ya uwanja hali haikuwa tofauti. Lilikuwapo kanisa karibu na chuo alikokwenda kusali kama alivyolelewa. Wazee wa kanisa wakamwita kando, wakamweleza kwa sauti ya upole kwamba ni afadhali asirudi. Baadhi ya waumini walikuwa wametishia kuliondoa kanisa katika wasia wao. Angalia jambo hilo, ndugu msikilizaji. Hapakuwa na ngumi wala tusi. Palikuwa na upole na hesabu ya fedha.

Mwaka 1967 viongozi wa michezo ya vyuo walipiga marufuku mchezaji kuruka juu ya chuma na kuushindilia mpira kwa mkono. Hiyo ndiyo iliyokuwa silaha kubwa ya Wallace. Marufuku hiyo ilidumu mpaka mwaka 1976. Ikambidi ajifunze kufunga upya, akiwa mbali, kwa utulivu, kama mtu anayefundishwa kuandika kwa mkono wa kushoto. Akajifunza. Tarehe 4 Aprili 1968, miezi miwili tu baada ya mchezo ule wa Oxford, Martin Luther King akauawa Memphis, katika jimbo hilo hilo la Tennessee. Wallace akaendelea kusoma uhandisi, akaendelea kucheza, akaendelea kusafiri kusini kila msimu.

Mchezo wake wa mwisho, Machi 1970, alifunga pointi 29 na kudaka mipira 27 iliyogonga ubao na kurudi. Mwaka huo huo wanafunzi walimpigia kura wakampa taji la heshima walilokuwa wakimpa kila mwaka kijana anayependwa wa mwaka wa mwisho. Mtu akitazama kwa mbali atasema mambo yamekwisha vizuri, kijana amekubalika, tupige makofi twende nyumbani.

Wallace hakupiga makofi. Mara tu baada ya mchezo ule alizungumza na mwandishi wa gazeti la Tennessean, akaeleza miaka minne ilivyokuwa. Hakueleza kwa hasira. Alisema watu walijua jina lake na kushangilia mabao yake, lakini hawakuwa na haja ya kumjua yeye. Alisimulia habari za kanisa. Alisimulia upweke.

Mnajua aliambiwa nini? Aliambiwa hana shukrani. Amepewa elimu, amepewa ufadhili, ameshangiliwa, amepigiwa kura, sasa analalamika nini? Wengi walikasirika kuliko walivyopata kukasirika wakati alipokuwa akizomewa. Wallace akaondoka Nashville. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kama yeye asingesema, nani mwingine angesema?

Nasema hivi kwa kuwa lawama hiyo ya utovu wa shukrani ni silaha ya zamani, na bado inafanya kazi. Unapomleta mtu mmoja tu mahali ambapo watu wa namna yake hawajapata kuwapo, ni rahisi kujiona umemfanyia hisani. Ukishajiona umefanya hisani, malalamiko yake yanakuudhi. Unasahau kwamba yeye ndiye aliyelipa gharama ya mlango kufunguliwa. Wewe ulifungua kitasa tu.

Mwisho wa habari yake ni mzuri. Alihitimu uhandisi mwaka 1970, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akamaliza mwaka 1975. Akafanya kazi ya uwakili katika Wizara ya Sheria ya Marekani, kisha akawa profesa wa sheria mjini Washington. Dillard naye akawa wakili. Mwaka 2004 Vanderbilt iliistaafisha jezi yake namba 25, maana yake mchezaji mwingine asiivae tena. Wachezaji wenzake wa zamani, wakiwa sasa na mvi, walipata kusikia na kusoma yale yaliyokuwa yakimpata mtu waliyekuwa wakikaa naye benchi moja. Wallace hakukataa kupatana nao. Alifariki dunia tarehe 1 Desemba 2017, akiwa na miaka 69.

Lakini ndugu wasikilizaji, toka mwaka 1970 hadi 2004 ni miaka 34. Neno ambalo lingeweza kusemwa na kijana mmoja mlangoni, kwa nusu dakika, lilichukua miaka 34 kusemwa na chuo kizima kwa sherehe.

Sasa mtaniuliza, habari hii sisi inatuhusu nini? Inatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni kwamba njia ile aliyoifungua Wallace na wenzake vijana wetu wameipita. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Hicho ndicho kile kile cha Texas Western cha mwaka 1966, kilibadilishwa jina mwaka 1967. Na Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika Marekani nzima kuingia ligi ya kulipwa. Timu iliyomchagua ni ya Memphis, Tennessee. Jimbo lile lile. Watu walikwenda kumshangilia Mwafrika katika mji alikouawa King. Jambo hilo halikuanguka kutoka mbinguni. Wapo waliotangulia kulipa nauli.

Ya pili inatuhusu zaidi, na ndiyo inayouma. Sisi nasi tuna milango yetu. Yuko mtoto mwenye ualbino aliye peke yake darasani. Yuko msichana mmoja katika karakana ya mafundi wanaume 20. Yuko kijana aliyekuja kutoka mkoa wa mbali, kila akifungua kinywa ofisi nzima inacheka lafudhi yake, naye anacheka pamoja nao kwa sababu hana la kufanya. Yuko mkimbizi aliyepanga chumba uani, ambaye kila kinachoibiwa yeye ndiye wa kwanza kutazamwa. Muulize mtu yeyote pale, atakuambia: sisi hatumbagui, sisi hatujamwambia neno baya. Kweli. Na neno zuri je, mmemwambia?

Siombi tufanye makubwa. Hakuna aliyemtaka mchezaji wa Vanderbilt apigane na ukumbi mzima. Mississippi isingebadilika usiku ule. Kilichohitajika ni mtu mmoja kubaki nyuma, kufunga tena kamba za viatu ambazo zilikuwa zimekwisha kufungwa, na kusema, "Twende." Basi. Wazomeaji wangezomea vile vile, lakini wangezomea wawili.

Kwa hiyo kesho asubuhi, utakapofika kazini, shuleni, au hata pale kisimani kwenye foleni ya maji, mtazame yule aliye peke yake. Usimhubirie, wala usimfanyie hisani. Kaa karibu naye. Wakimcheka, usicheke. Wakiondoka wote wakamwacha, wewe chelewa kidogo.

Kwa leo tuishie hapa. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo, siku na saa kama hizi.